Kila Deni na Siku Yake: Kinachowavuta Wageni wa Tamthilia za Kikorea

Wanaozipenda tamthilia za Kikorea na wanaozibeza huafikiana katika jambo moja: kwamba ni hadithi za mapenzi. Wapenzi wake hulisema hilo kwa fahari, wabezaji hulisema kwa kukunja uso, na wote wawili humwelekeza mgeni siko. Mapenzi yamo, tena tele. Vijana wenye ngozi isiyo na doa wamo, makoti marefu yamo, na theluji huanguka pale pale inapotakiwa. Lakini mapenzi na sura nzuri vimejaa pia katika tamthilia za Mexico, Ufilipino, India na Uturuki, ambazo vituo vyetu vya televisheni vimezirusha kwa miaka mingi. Bado mtu aliyezizoea zote hizo akianza sizoni moja ya Kikorea Ijumaa jioni hushtukia adhana ya alfajiri. Kinachomshika hakiwezi kuwa kile alichokwisha kukipata kwingine. Naamini kinachomshika ni wajibu. Chini ya tamthilia nzuri ya Kikorea kuna swali la nani anadaiwa nini na nani: mtoto na mzazi, mwanafunzi na mwalimu, jirani na jirani, polisi na maiti asiyepata haki yake. Na hadithi yenyewe imeundwa kwa namna ambayo madeni hayo hayana budi kulipwa mbele ya macho ya mtazamaji, kabla ya sehemu ya mwisho kwisha. Mapenzi yenyewe hupata uzito kwa sababu yanapita katikati ya madeni hayo.

Mfano wa wazi zaidi ni wa zamani kidogo. Dae Jang Geum ilirushwa na kituo cha MBC kati ya 2003 na 2004, sehemu 54, chini ya mwongozaji Lee Byung-hoon, na baadaye ikauzwa katika nchi zaidi ya 80. Inamfuata Jang-geum, yatima anayeingia jiko la ikulu ya wafalme wa nasaba ya Joseon katika karne ya 16. Akiwa bado msichana mdogo, mlezi wake wa jikoni, Bibi Han, anamwagiza maji ya kunywa. Anayaleta. Anaambiwa alete mengine. Analeta ya moto, analeta ya baridi, na kila mara anarudishwa bila kuelezwa kosa lake. Mwishowe mtoto anakumbuka jinsi mama yake marehemu alivyokuwa akimhoji kabla ya kumpa maji, naye anamuuliza Bibi Han: tumbo linauma? Umepata choo leo? Koo lina shida yoyote? Kisha anampa maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo na kumwomba anywe taratibu. Bibi Han anaridhika. Hakuna aliyepigwa wala kubusiwa, ni kikombe cha maji tu, lakini mtazamaji ameshaelewa sheria ya ulimwengu huu: anayelisha anawajibika kumjua anayemlisha. Sehemu zote zinazofuata zimejengwa juu ya sheria hiyo. Bibi Han anakufa akiwa amesingiziwa, Jang-geum anapelekwa kisiwa cha Jeju kama mtumwa wa serikali, anajifunza utabibu na kurudi ikulu, na kinachomrudisha ni deni la kusafisha jina la mama yake na la mwalimu wake. Yupo mwanamume anayempenda, Min Jeong-ho, mtu mzuri sana, lakini naye anasubiri kando mpaka deni hilo litimizwe. Watu waliokaa na hadithi hii kwa sehemu 54 hawakukaa kwa ajili ya busu.

Mtu anaweza kusema kwamba mambo hayo ni ya ikulu za kale, zenye heshima za kupiga magoti, na kwamba Korea Kusini ya leo, yenye viwanda na majengo marefu, haina habari nayo. Nadhani ni kinyume chake, na ushahidi wangu ni My Mister, iliyorushwa na kituo cha tvN mwaka 2018, ikiandikwa na Park Hae-young na kuongozwa na Kim Won-seok. Msichana Lee Ji-an, anayeigizwa na mwimbaji IU, ana miaka 21, ni kibarua katika kampuni ya wahandisi, na anamtunza bibi yake asiyesikia. Amerithi deni la mama yake, na mkopeshaji anamfuata mpaka mlangoni na kumpiga. Yeyote anayejua mikopo ambayo Tanzania tunaiita kausha damu atamwelewa msichana huyu bila kuelezwa. Katika sehemu ya kwanza anachukua kwa siri vipakiti vya kahawa ya unga vya ofisini. Usiku, katika chumba chenye giza, anamimina viwili kwenye kikombe kimoja cha maji ya moto na kunywa, na hicho ndicho chakula chake. Hakuna muziki wa huzuni unaotuamuru tulie. Kamera inamtazama tu akinywa.

Kinachofuata katika tamthilia hiyo kinaonyesha kwa nini nasema wajibu ndio kiini. Mhandisi Park Dong-hoon, mwanamume wa makamo aliyechoshwa na kazi na ndoa, anapata habari kwamba msichana huyu anamtunza bibi peke yake na hamudu gharama za nyumba ya wazee. Hampi pesa wala hamkumbatii. Anamweleza sheria: mjukuu halazimiki kumlipia bibi, akijitenga naye katika kumbukumbu za makazi bibi atapata huduma hiyo kwa gharama ya serikali. Kisha anamuuliza, kwa mshangao wenye uchungu, kama hakuwahi kuwa na mtu wa kumwambia jambo kama hilo. Nimetazama tamthilia nyingi za nchi nyingi, na ni chache mno zinazothubutu kuweka kilele cha hisia katika maelezo ya taratibu za ofisi ya ustawi wa jamii. Pale kinafaa, kwa sababu tumeshaonyeshwa kwamba umaskini mkubwa wa Ji-an ni kukosa mtu mzima anayejiona anadaiwa kumwelekeza. Sheria ilikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia.

Reply 1988 inalichukua jambo hilo hilo kwa upande wa furaha. Iliongozwa na Shin Won-ho, ikaandikwa na Lee Woo-jung, na ilirushwa kuanzia Novemba 2015 hadi Januari 2016, sehemu 20. Haina adui. Haina siri ya mtoto aliyebadilishwa hospitalini. Ina familia tano za kichochoro kimoja cha mtaa wa Ssangmun-dong, Seoul, mwaka wa michezo ya Olimpiki. Mwanzoni kabisa jioni inaingia, akina mama wanaita watoto wakale, na kila mama anamtuma mwanawe apeleke bakuli la kitoweo kwa jirani. Jirani hawezi kukirudisha chombo kitupu, kwa hiyo mtoto anarudi na kitu kingine, anatumwa tena kwa jirani wa pili, na vijana wanapishana kichochoroni wakiwa na sahani mikononi mpaka mmoja wao anauliza kwa nini wasikae wote meza moja yakaisha. Mtazamaji wa Tanga, Lamu au Bujumbura hahitaji kuelezwa lolote hapo. Hata kuitana kunafanana: akina mama wa kichochoro kile wanaitana kwa majina ya watoto wao, Mama Sun-woo, kama tunavyoitana sisi.

Na wajibu huo haupambwi. Deok-sun, binti wa katikati wa mojawapo ya familia hizo, anaishi na wazazi wake katika nyumba ya nusu chini ya ardhi kwa sababu baba yao alimdhamini mtu mkopo, na mtu huyo akashindwa kulipa. Mayai ya kukaanga mezani yanatosha dada mkubwa na kaka mdogo, yeye anaambiwa ale kingine. Siku yake ya kuzaliwa imeunganishwa na ya dada yake kwa sababu tarehe zinakaribiana, keki moja, nyimbo mbili. Mwaka huo inapofanyika hivyo tena, analipuka na kulia mbele ya wote. Baba anakuja kumtafuta baadaye na keki ndogo, na anamweleza kwamba hata yeye hakuzaliwa akiwa baba, ndiyo kwanza anajifunza. Mzazi anakiri kuwa anadaiwa na mtoto. Katika jamii inayowapa wakubwa heshima kubwa, kukiri huko kuna nguvu kuliko kofi lolote. (Msomaji wa Uganda ana zawadi yake humo humo: Deok-sun anayefanya mazoezi kwa miezi abebe bango la Madagascar katika ufunguzi wa Olimpiki anakuta Madagascar imejitoa, na mwishowe anabeba bango la Uganda.)

Ukishalielewa hili, lalamiko la kwanza la wageni, kwamba tamthilia hizi ni za polepole, linabadilika sura. Ni kweli kwamba wapenzi wawili wanaweza kufika sehemu ya nane bila kushikana mikono. Lakini hawacheleweshwi kwa aibu wala kwa hila ya kuvuta muda. Wanacheleweshwa kwa sababu kila mmoja amebeba watu. Crash Landing on You, iliyoandikwa na Park Ji-eun na kurushwa kuanzia Desemba 2019 hadi Februari 2020, imelichukua jambo hili mpaka mwisho wake: mfanyabiashara tajiri wa Seoul anaangushwa na dhoruba upande wa Korea Kaskazini akiwa anapaa kwa parashuti, na anahifadhiwa na afisa wa jeshi wa huko. Kati yao kuna mpaka wenye silaha uliochorwa na vita vya 1950 hadi 1953, kuna baba mwenye cheo, kuna mchumba, kuna askari wadogo ambao wataadhibiwa ikiwa siri itavuja. Afisa huyo anapomtengenezea mgeni wake supu ya tambi, anahatarisha kijiji kizima. Katika kundi la waandishi alikuwamo mtu aliyetoroka Kaskazini, na hilo linaonekana katika mambo madogo: umeme unaokatika treni ikiwa njiani, akina mama wa kijiji wanaotengeneza kimchi pamoja, nyama inayohifadhiwa ndani ya chumvi. Sehemu ya mwisho ilipata zaidi ya asilimia 21 ya watazamaji, kiwango ambacho tvN haikuwahi kukifikia kabla. Kushikana mikono kunakuwa tukio kubwa pale tu ambapo tumeoneshwa gharama yake.

Lakini kueleza yaliyomo hakutoshi. Nchi nyingi zina heshima, ukoo na mama wakwe, na tamthilia zao hazimkesheshi mtu hivi. Nusu ya pili ya jibu iko katika umbo. Tamthilia ya kawaida ya Kikorea ya usiku ilizoeleka kuwa na sehemu 16, za saa moja au zaidi kidogo, mbili kwa wiki, kwa miezi miwili. Huandikwa na mtu mmoja au wawili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wengi wa waandishi hao ni wanawake wenye majina makubwa kuliko waigizaji wengi: Kim Eun-sook, Park Ji-eun, Kim Eun-hee. Watu hutangaziwa kwamba fulani ameandika kazi mpya, nao hupanga kuitazama kwa jina lake. Kisha hadithi inakwisha. Msimu wa pili ulikuwa jambo la nadra mno mpaka miaka ya karibuni. Linganisha na tamthilia za vituo vya Mexico zinazopita sehemu 100, ambamo mwandishi analazimika kumfufua adui ili wiki ziende, au na zile za Marekani zinazoongezwa misimu maadamu zina faida na kukatwa ghafla faida ikikoma, stelingi akiwa bado ananing'inia. Katika sehemu 16 mwandishi anajua tangu siku ya kwanza lini atatakiwa kulipa. Anaweza kuweka kitu kidogo katika sehemu ya pili, wimbo wa kinanda au namba ya simu isiyopokewa, akakirudisha katika ya kumi na nne, na mtazamaji akahisi kwamba hakupotezewa muda.

Signal ya mwaka 2016, kazi ya Kim Eun-hee, ni mfano mzuri kwa wasiopenda mapenzi hata kidogo. Polisi wa leo anaokota redio ya mkononi inayomuunganisha na polisi wa miaka iliyopita, na kwa pamoja wanafukua kesi zilizoachwa. Kesi ya kwanza ni ya mtoto aliyetekwa, na muda wa kisheria wa kumshtaki muuaji unakaribia kwisha, dakika zinahesabiwa ukutani huku mama wa marehemu akisubiri nje ya kituo cha polisi. Moja ya kesi zinazofuata imetokana na mauaji halisi ya Hwaseong ya miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambayo wakati tamthilia inarushwa yalikuwa hayajapata jibu. Polisi wa Korea walimtambua mhusika kwa vinasaba mwaka 2019. Nchi ile ilikuwa inadaiwa na marehemu wake, na tamthilia ililisema hilo kwa sauti miaka mitatu kabla ya maabara. Tena haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1995 kituo cha SBS kilirusha Sandglass, sehemu 24, iliyoonyesha mauaji ya raia wa Gwangju ya Mei 1980, jambo ambalo kwa miaka mingi chini ya utawala wa kijeshi halikuweza kutajwa hadharani. Watu waliwahi nyumbani kuitazama, mitaa ikapungua magari. Kwa Wakorea, kuona lile deni la taifa likitajwa sebuleni kulikuwa tukio la kisiasa.

Umbo hilo halikubuniwa kwa busara tupu, na ni haki kusema limegharimu nini. Kwa muda mrefu vituo vikuu vya Korea havikuruhusiwa kukatiza kipindi kwa matangazo, zuio lililoondolewa mwaka 2021 tu. Ndiyo maana mazungumzo yaliweza kunyooshwa bila kukatwa na sabuni, na ndiyo maana tukio la kushtua liliwekwa mwishoni, ili mtu arudi kesho. Lakini tamthilia nyingi pia zilikuwa zikirekodiwa huku zikiendelea kurushwa. Kurasa za muswada zilifika eneo la kazi asubuhi, picha zikahaririwa usiku, na watu walilala saa mbili kwenye basi. Mwaka 2016 kijana aliyekuwa mwongozaji msaidizi alijiua na kuacha maandishi ya kulaumu mateso ya kazi hiyo, na familia yake ikapigania haki za wafanyakazi wa televisheni. Mabadiliko ya sheria ya kazi ya mwaka 2018, yaliyoweka ukomo wa saa 52 kwa wiki, yalianza kupunguza mateso hayo. Mtazamaji anayesifu ustadi wa tamthilia hizi anapaswa kuujua upande huu pia. Hadithi zinazohubiri kwamba mkubwa anawajibika kwa mdogo zilitengenezwa mara nyingi mahali ambapo mkubwa hakuwajibika.

Wapo wanaosema kwamba hadithi zenyewe ni zile zile: mtoto wa tajiri anampenda msichana maskini, mama wa tajiri anampa msichana bahasha ya pesa ili atoweke, kisha linakuja lori, kisha mmoja anapoteza kumbukumbu. Siwezi kukana. Boys Over Flowers ya mwaka 2009 ina karibu vyote hivyo, na tena inamfanya mvulana mwonevu kuwa wa kutamaniwa. Leo sipendi kumwona kijana wa kike akifunzwa kwamba kuvutwa mkono kwa nguvu ni dalili ya mapenzi. Lakini tazama vizuri ile bahasha. Ni tukio la deni: mama anajaribu kuligeuza lisilolipika kwa pesa liwe la kulipika, na heshima ya msichana inapimwa kwa jinsi anavyoirudisha. Waandishi bora wamelichukua tukio hilo lililochakaa na kulipindua. The Glory, ya Kim Eun-sook mwaka 2022 na 2023, ni ya mwanamke aliyeteswa na wanafunzi wenzake shuleni kwa kuchomwa na chuma cha kunyooshea nywele. Mama yake mzazi alichukua pesa za wazazi wa watesaji na kusaini kwamba yaishe. Hapo bahasha imepokelewa, na tamthilia nzima inatokana na dhambi ya kuipokea. Ni mwandishi yule yule aliyewahi kuandika tajiri na maskini wake katika Lovers in Paris mwaka 2004.

Pingamizi zito zaidi, kwa maoni yangu, ni la wale wanaosema kwamba hadithi za wajibu ni hadithi za utiifu: kwamba zinamfundisha mke avumilie mama mkwe, kijana ainamie bosi, na kwamba sisi Waswahili tuna ya kwetu ya namna hiyo ya kutosha. Tamthilia nyingi za familia za wikendi, zile za sehemu 50 na kuendelea, zinastahili lawama hiyo. Hata hivyo, nilizozieleza zinafanya kazi tofauti. Zinachukua kila deni na kuuliza kama ni la haki. Dong-hoon hamwambii Ji-an awe mjukuu mwema zaidi, anamwambia sheria haimdai. Baba wa Deok-sun anakiri deni lake kwa mtoto. Jang-geum anawatii wakubwa wake mpaka pale utii unapotaka afiche ukweli, na hapo anakataa hata mbele ya mfalme. Wajibu unaoulizwa maswali si utiifu. Na kwa mtu anayeishi katikati ya ndugu, michango na wazee, kama wengi wetu, hadithi inayopima yupi anadaiwa kweli na yupi anatwishwa tu ina faida kuliko hadithi ya mtu huru asiye na wa kumuuliza.

Ni kweli pia kwamba serikali ya Korea Kusini imeusukuma utamaduni wake kama bidhaa. Baada ya msukosuko wa fedha wa 1997, serikali ya Rais Kim Dae-jung iliweka sera na sheria ya kukuza tasnia za utamaduni, na leo fedha za kigeni zimeingia: Netflix, iliyofungua huduma yake Korea mwaka 2016, ilitangaza mwaka 2023 kuwekeza dola bilioni 2.5 huko kwa miaka minne. Lakini msukumo wa serikali unaweza kufikisha hadithi mlangoni tu. Winter Sonata ya mwaka 2002 iliteka akina mama wa Japani kwa sababu ilisema jambo nao. Na huku kwetu hakuna wizara ya Seoul iliyopanga Jumong, yenye sehemu 81, isambae kwa diski za mitaani, kisha kwa flashi, kisha kwa tafsiri za sauti za madj wanaosimulia juu ya picha katika vibanda umiza. Utamaduni huo wa kusimulia, ulioanzishwa na watu kama marehemu Lufufu wa Dar es Salaam na kukuzwa Kenya na DJ Afro, ulizipokea kazi za Kikorea kwa mapigano yake. Una uzuri wake, ila kwa tamthilia ninazozisifu hapa unaziumiza. Msimuliaji huona ukimya kama pengo na kulijaza. Katika My Mister ukimya ndio mazungumzo. Mwenye uwezo wa kusoma maandishi ya chini ya kioo, kwa lugha yoyote anayoiweza, atapata zaidi.

Imebaki Squid Game, ambayo wengi wataileta kunipinga: kazi iliyotazamwa kuliko zote, msimu wa kwanza wa Septemba 2021, sehemu tisa, damu tupu, hakuna heshima wala bakuli la jirani. Mimi naiona ndiyo shahidi wangu mkubwa. Karibu wachezaji wote 456 wameletwa pale na madeni. Stelingi, Gi-hun, alipoteza kazi yake katika kiwanda cha magari kilichokumbwa na mgomo. Mwandishi na mwongozaji wake, Hwang Dong-hyuk, alizunguka na muswada kwa takribani miaka 10 akikataliwa. Na tukio ambalo watu hawalisahau ni la gololi, katika sehemu ya sita, ambalo halina bunduki nyingi. Ali, kibarua kutoka Pakistan, amekuwa akimwita Sang-woo kwa heshima kama bosi. Sang-woo alimpa nauli ya basi alipokuwa hana kitu, na baadaye akamwambia aache kumwita bosi, amwite kaka. Ali anapokea udugu huo kwa moyo wote. Kisha wanalazimishwa kuchezeana maisha, na Sang-woo, akijua kwamba mdogo wake hatamshuku, anachukua gololi zake na kumjazia mawe katika mfuko, kisha anaondoka. Mamia wamekwisha kufa kabla ya hapo na hatukuwalilia. Kwa Ali tunashindwa kujizuia, kwa sababu ametendewa vibaya na mtu aliyejiita kaka yake.

Kwa anayeanza, basi, ushauri wangu ni wa matumizi tu. Usichague kwa sura ya mwigizaji kwenye tangazo. Tazama jina la mwandishi, na uvumilie sehemu mbili za mwanzo, kwa sababu ndimo yanamowekwa madeni, nazo hazina haraka. Asiye na subira wala bando la kutosha aanze na Signal, inayoshika tangu dakika ya kwanza, ingawa inaacha jambo moja wazi mwishoni. Anayetaka kutazama na wazazi sebuleni bila kukimbilia rimoti aanze na Reply 1988 au Dae Jang Geum. Squid Game na The Glory si za watoto, wala si za kutazamwa wakati wa chakula. My Mister iachwe mpaka mtu ameshazoea mwendo wa hadithi hizi. Ni nzito, sehemu zake zinakaribia dakika 80, na inataka mtazamaji asiyeshika simu nyingine mkononi.